Shangazi Amekwisha Kusikilizwa

Kilimani, 4 Machi

Mwanangu,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa siku tatu mfululizo, natangaza kustaafu kwa kiatu changu cha kushoto. Kimeutumikia ukoo huu miaka tisa, kikipanda na kushuka kilima bila kunung'unika, mpaka juzi kilipofungua mdomo mbele za watu. Mwenzake wa kulia bado yuko kazini kwa mkataba wa muda. Rambirambi hazipokelewi, labda ziwe na kisigino.

Marahaba, maana najua umeniamkia moyoni. Kifua kimepona? Huku tu wazima. Fundi Mizinga anakusalimu. Amebaki na meno mawili na bado anayatembeza kama mtu mwenye thelathini.

Nimefurahi kusikia umepata ukarani Idara ya Misitu na Maji. Baba yako alipokuacha mikononi mwangu, nikakufundisha kusoma kwa vipande vya magazeti ya kufungia sukari, sikujua kumbe nalea serikali.

Sasa lililoniketisha niandike. Wiki iliyopita walipanda wanaume wanne na mikebe ya rangi nyekundu. Wameichora miti msalaba kuanzia chemchemi hadi makaburini, na mmoja akauchora mlango wangu. Nikamwuliza, "Kaka, mlango nao ni mti?" Akasema, "Mama, mimi napaka tu." Umetumwa na nani? "Idara." Idara ipi? "Hiyo ya misitu."

Ndiyo yako hiyo. Niulizie, mwanangu. Naandika kwa anwani ya ofisini kwako kwa kuwa sanduku la posta huna, na mimi nyingine siijui.

Shangazi yako

*

Mjini, 17 Machi

Shangazi, shikamoo.

Pole kwa msiba wa kiatu. Kifua kimepona, ila vumbi la mafaili linajitahidi kukirudisha. Nimepangiwa masjala, chumba chenye madirisha mawili, moja limezibwa na majalada ya tangu sijazaliwa. Anayetawala humu ni mama mmoja tunamwita Mama Mhuri. Kila karatasi inayoingia anaigonga, kila inayotoka anaigonga, anaipa namba na kuitafutia jalada lake. Barua ya waziri na ya muuza vitumbua kwake ni sawa. Jana aligonga risiti yangu ya chai.

Aliponiona natafuta stempu akanicheka. "Stempu za nini, mwanangu? Tupia kwenye trei ya zinazotoka, itakwenda na mfuko wa Idara." Ndiyo sababu bahasha hii ina nembo na namba. Usishtuke.

Ile rangi nimeiulizia. Idara inataka kukitenga kilima chote kiwe chanzo cha maji cha miji mitatu ya tambarare. Likipita hilo, nyumba zote arobaini na moja zitahamishwa. Lakini halijaamuliwa! Sheria nimeisoma mwenyewe: kabla ya uamuzi, wakazi lazima waelezwe kwa maandishi, kwa lugha wanayoielewa, na wapewe nafasi ya kujibu. Idara isipofanya hivyo, mahakama inaweza kuufuta uamuzi wote.

Kwa hiyo wasomee wenzako, kisha mniandikie. Semeni yote. Nitamfikishia Mkurugenzi kwa mkono wangu.

Mwanao

*

Kilimani, 6 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Na huyo Mama Mhuri hajambo? Mwambie nimempenda, nchi inahitaji watu wanaoamini kitu. Huku mafua yalipita nyumba kwa nyumba kama mgeni asiyejua kuaga, lakini hakuna aliyelala zaidi ya siku mbili.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwenye uwanja wa kukamulia asali. Watu walisikiliza mpaka mwisho. Kisha Fundi Mizinga akauliza, "Kwani sisi tunakunywa sana?" Nikamwambia tatizo si tunachokunywa, tatizo ni kwamba tupo. Akasema hilo hawezi kulipunguza.

Umesema tuseme yote. Basi mwambie Mkurugenzi hivi.

Mara ya kwanza tulitolewa babu yangu akiwa kijana. Alikuja mpima ramani wa serikali iliyokuwapo, akakaa miezi miwili. Babu alimbebea mnyororo wa kupimia, wenzake watatu wakambebea hema, kitanda na beseni la kuogea. Alipomaliza kazi aliandika katikati ya ramani: "Hakuna watu." Nadhani aliandika akiwa ndani ya beseni, na babu akimmwagia maji. Kwa ramani hiyo tukatolewa bondeni, pakapandwa misonobari ya serikali.

Mara ya pili, mama akiwa na mimba ya baba yako, misonobari ilitaka nafasi zaidi. Serikali ilikuwa nyingine, ramani ilikuwa ile ile. Tukaambiwa tupande huku juu kwa msimu mmoja. Msimu huo sasa una miaka hamsini na nne. Juu yetu limebaki wingu. Wakitaka tupande tena, itabidi watugawie mabawa.

Watu wa tambarare hutuita watu wa porini. Sisi hujiita watu tu, hatukuona sababu ya kuongeza. Mizinga yetu ni mia mbili na kumi, na nyuki hawasomi notisi. Ukiwahamisha wanarudi walikotoka au wanakufa. Kila nyumba imetoa neno lake, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Soma la yule mjane jirani yangu: "Nina watoto watano, watatu wamelala hapa. Sihami na wawili."

Kwa ufupi, na umsomee kwa sauti nzito: tunakataa.

Shangazi yako

*

Mjini, 25 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Keti kwanza. Mkurugenzi ameisoma barua yako mara mbili! Aliniita ofisini kwake akasema, "Kaa." Miezi yote hii sikujua kama chumba kile kina kiti cha pili. Alipofika kwenye beseni alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu bibi ni hazina," akasema. "Amekataa vizuri sana. Mwandikie tena."

Anataka kujua mkutano wenu ulifanyika tarehe ngapi, walihudhuria wangapi, wanawake wangapi, na mwenyekiti alikuwa nani. Anaomba pia kila mtu mzima aweke kidole gumba. Amesema mambo haya yakiwa kamili hakuna atakayeweza kuyapuuza.

Jambo jingine, si kubwa: nimehamishiwa meza ya dirishani. Naona barabara, mti mmoja, na mtu anayeuza soksi. Mama Mhuri amenipongeza, ila alinitazama kwa muda kama anayetafuta mahali pa kugonga.

Msalimie Fundi. Mwambie meno ayatunze, kuna siku tutayahitaji kwa picha.

Mwanao

*

Kilimani, 14 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila tuna vidole vyeusi. Wino hatukuwa nao, tukatumia masizi na nta. Karatasi inanata kidogo. Mwambie Mama Mhuri asiiweke karibu na sisimizi.

Mkutano ulikuwa tarehe mbili Aprili, asubuhi. Watu wazima tisini na saba, wanawake hamsini na wawili. Mwenyekiti hatukuwa naye. Alisimama anayejua kusoma, wengine wakakaa. Juu ya vidole nimeandika neno moja kwa herufi kubwa: TUNAKATAA. Lisije likapotea njiani.

Lakini kuna kitu kinanikereketa. Mtu ukimpinga akacheka mpaka akavua miwani, ama ana moyo mkubwa kama ghala, ama amekwisha kushinda. Moyo wake siujui. Wewe unamwona kila siku, unaonaje?

Tena, wapima ardhi wamefika. Wanapigilia vigingi vya chuma, kimoja hatua sita kutoka kaburi la baba yako. Nikawauliza, "Si bado tunajibizana?" Mkubwa wao akasema, "Jibizaneni tu, mama, sisi hatuwazuii."

Nijibu jambo moja, bila mapambo: wameshaamua?

Shangazi yako

*

Mjini, 29 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Kazi zilinizidi, halafu nikaugua, halafu nikapona na bado nikawa na kazi. Natumaini u mzima.

Uamuzi umetoka katika Gazeti la Serikali la tarehe kumi na tano. Kilima kimetangazwa kuwa eneo la chanzo cha maji. Wakazi watahamishiwa uwanda wa mashariki, mahali pa wazi, tambarare kabisa. Hakuna miti ya kuzuia upepo, lakini barabara ipo.

Mnaweza kwenda mahakamani kabla siku sitini hazijaisha. Jirani na soko la mitumba kuna wakili, mama mwembamba, hutetea watu kama sisi. Mwambieni kwamba hakuna ofisa wa Idara aliyewahi kupanda Kilimani kuwasikiliza. Ni hoja nzuri.

Nimepandishwa cheo. Sasa ni Afisa Mashauriano. Sikuomba.

Mwanao

*

Kilimani, 21 Septemba

Mwanangu,

Nakusalimu. Afya yako sitaiuliza, niliiona.

Nitakuandikia yaliyotokea mahakamani ingawa ulikuwapo, kwa sababu muda wote ulikuwa unatazama sakafu.

Wakili wetu alisema vizuri. Akasema hakuna ofisa aliyepanda kilima kutusikiliza, waliopanda ni wapaka rangi na wapiga vigingi. Jaji akaandika. Nikamwona Fundi anaonyesha meno yote mawili. Ndipo wakili wa serikali akasimama na jalada la kijani. "Mheshimiwa Jaji, Idara iliwaandikia wakazi hawa. Nao walijibu. Tena kwa kirefu." Jalada limeandikwa "Mashauriano na Wakazi wa Kilimani". Ndani mlikuwa na nakala za barua zako zote, na zangu zote, kila moja na namba yake.

Akaanza na kiatu. Akakisoma chote, mpaka kisigino. Jaji alicheka, karani alicheka, askari wa mlangoni alicheka. Nimewahi kuchekwa maishani, lakini si kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kisha Jaji akaniita mbele.

"Bibi, barua hizi uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Na Idara ilikujibu?"

"Alinijibu mtoto niliyemlea."

"Mtoto uliyemlea ni mtumishi wa Idara?"

"Ndiyo, lakini..."

"Barua zake zina nembo ya Idara na namba ya Idara?"

"Zinazo. Alikuwa anakwepa kununua stempu."

Wakacheka tena.

"Aliandika kwa lugha unayoielewa?"

"Niliyomfundisha mwenyewe."

"Mliambiwa kinachokusudiwa, mkapewa nafasi ya kujibu, mkakutana, mkajibu?"

"Tulijibu kwamba tunakataa, Mheshimiwa. Limeandikwa hapo juu ya vidole."

Akaiinua ile karatasi, akaliona. Akasema, na nimelishika neno kwa neno: "Nimeliona. Na ndilo linaloonyesha kwamba mlielewa. Sheria inataka msikilizwe, haitaki mkubaliwe. Ninyi mmesikilizwa kuliko wakazi wengi waliowahi kufika mbele yangu." Akasema pia kwamba sisi tuna bahati ya kuwa na mtu wetu ndani ya Idara.

Mtu wetu alikuwa kwenye benchi la pili, upande wa serikali, amenyoa vizuri. Wakili wao aliponyoosha mkono, wewe ndiye uliyempa ile karatasi ya vidole. Ulikuwa umeitia kwenye plastiki ili isinate. Unadhifu huo nilikufundisha mimi.

Tungenyamaza, mahakama ingesema hatukushirikishwa, na tungeshinda. Wakili wetu alinieleza nje, akiwa amekaa kwenye ngazi, amevua viatu. Vile vigingi vya chuma havikuwa kitu, mwanangu. Vilivyotushinda nilivipigilia mimi kwa kalamu, na wewe ulinishikia.

Nataka kujua jambo moja tu. Ulijua lini?

Shangazi yako

*

Mjini, 3 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Hukuitikia shikamoo yangu pale mahakamani, nami sikuitoa kwa sauti. Tuko sawa.

Nilijua Aprili. Ile siku ya kiti cha pili. Mkurugenzi alinionyesha jalada. Mama Mhuri alikuwa ameziweka barua zetu humo bila nia mbaya, kwa kuwa zilitaja Kilimani, na kila kinachotaja Kilimani kina jalada lake. Mkurugenzi akaniambia, "Kijana, umetuokoa. Sheria ilitaka tupeleke watu huko miezi mitatu. Wewe na shangazi yako mmemaliza kazi kwa bahasha mbili." Kisha akasema niendelee kukuandikia kama kawaida, nisibadilishe chochote, hasa utani.

Ningeweza kuacha. Nilikaa siku nzima nikifikiria kuacha. Nikajiambia nisipoandika mimi ataandika mwingine, na mwingine hatakuuliza habari za Fundi. Nikaomba vidole. Vilipofika nilisoma hilo neno la juu, nikampa Mama Mhuri agonge.

Wala ile hoja ya wakili wenu niliyoitaja haikuwa hila. Niliamini ingewasaidia. Au nilitaka kuamini, sasa sizitofautishi vizuri.

Yamekwisha, Shangazi, tutazame mbele. Naambatisha fomu ya kiwanja cha uwanda wa mashariki. Jibu linatakiwa kabla siku thelathini hazijaisha. Asiyejibu anahesabiwa kuwa amekikataa kiwanja, na nyumba yake itavunjwa kama nyingine zote. Nakuomba ujibu. Weka hata mstari mmoja. Usinijibu mimi, jibu fomu.

Mwanao,
Afisa Mashauriano

*

Mjini, 9 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Natumaini u mzima wa afya, na wote Kilimani hawajambo.

Bahasha yako ilifika siku ya ishirini na tisa. Nilifurahi nilipouona mwandiko juu yake, nikaifungua kabla ya masjala, kosa ambalo ningemwandikia karani mwingine onyo. Ndani mlikuwa na karatasi tupu. Niliigeuza. Niliiinua juu ya taa kama tulivyofanya utotoni mwangu na maandishi ya maji ya limau, yanayotokea yakipata joto. Hakuna kitu.

Mama Mhuri akaninyang'anya. Akaitazama pande zote mbili, akaguna, akaigonga: Imepokelewa, namba 118. Nikamwambia, "Mama, haina maneno." Akasema, "Imeingia kwa mlango."

Mkurugenzi ameamua kwamba ni jibu. Limewasilishwa ndani ya muda na halina pingamizi lolote. Kwa hiyo umepewa kiwanja namba kumi na saba, safu ya tatu. Wengine arobaini hawakutuma kitu, hao hawana viwanja. Watawekwa kwenye mahema mpaka itakapoamuliwa vinginevyo.

Najua hukukusudia hivyo. Nimeandika maelezo ya pembeni kwamba yaelekea hukukusudia hivyo. Maelezo yangu yamepewa namba.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao,
Afisa Mashauriano

*

Mjini, 20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Naandika kwa anwani ya kiwanja namba kumi na saba, ingawa nimeambiwa hukai hapo, unakaa na wengine kwenye mahema. Nimeambiwa pia Fundi Mizinga hakushuka kwenye lori mwenyewe, alishushwa, na kwamba amezikwa upande wa barabara. Poleni sana. Sikupewa ruhusa ya kuja.

Ripoti ya uhamisho wa tarehe kumi na moja mwezi huu nimeisoma. Inasema zoezi lilikwenda kwa utulivu. Nyumba arobaini na moja, malori tisa, muda wa saa nne na nusu. Inasema kulikuwa na usumbufu mdogo wa nyuki. Inasema mwanamke mmoja alibaki makaburini akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akirudia, mpaka askari wawili walipombeba. Hawakumtaja, lakini namjua, nawe unamjua.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi yenye nembo. Nataka tu nikuambie kinachonifanya niamke na kuvaa shati. Miji ile mitatu ina watu laki mbili na zaidi. Nimekwenda kuitazama, kwa miguu yangu, siku yangu ya mapumziko. Nimewaona wanawake kwenye foleni ya bomba moja, ndoo zimepangwa tangu alfajiri na mawe juu yake kushika nafasi. Mmoja aliniambia mwanawe amelazwa mara tatu kwa maji ya kisima. Nikamwambia, "Yanakuja, mama. Yanatoka Kilimani." Akanishika mikono yote miwili akaniombea dua. Nilisimama pale nikiombewa, Shangazi, nikiwaza kwamba hiyo dua ni yako, mimi nimeipokea tu kwa niaba.

Kwa hiyo kama nimekuuza, nimekuuza kwa maji ya watu. Sikukuuza kwa meza ya dirishani. Jambo hili nalishika kwa nguvu. Ukilala huko kwenye upepo, nawe lishike.

Mwanao

*

Mjini, 6 Machi

Shangazi, shikamoo.

Leo nimesafisha trei yangu. Chini kabisa kulikuwa na barua ya wahandisi wa maji, imeandikwa kwa Afisa Mashauriano. Mama Mhuri aliigonga siku ilipoingia, tarehe kumi na sita Januari, akaniwekea. Sikuifungua, nilikuwa naandaa orodha ya malori. Ina mistari minne. Wamepata mto ulio karibu zaidi na miji ile, na hawatahitaji kilima.

Mradi wa Kilimani ulifutwa siku ishirini na sita kabla hamjahamishwa.

Mwanao